Fundi wa Nguo za Maigizo na Vyumba vya Watoto: Mkono Anao, Mdomo Ndio Shida

Nyota mbili. Nilianza na moja, mke wangu akasoma akaniuliza, "Na chumba je?" Nikaongeza ya pili kwa shingo upande. Hasira zangu bado mbichi, kwa hiyo msishangae nikizipokonya zote kabla sijamaliza kuandika.

Jina lake silitaji. Ni dada wa makamo, ana kibanda cha kushonea upande wa mjini, cherehani tatu, vijana wawili na benchi la wateja. Hilo benchi mlikumbuke. Anashona nguo za watoto za maigizo, za mahafali na za siku za kuzaliwa, na anapamba vyumba vya wachanga: mapazia, vibendera, michoro ya ukutani. Picha zake za Instagram zinavutia, na kwa haki ya Mungu hazidanganyi.

Nianze na chumba, nikimalize, niingie kwenye kilichonileta.

Tunaishi Kigamboni, na anayekaa kule anajua habari za kuta zetu. Chumvi inatoka ukutani, rangi inavimba, inabambuka, unapaka mwaka huu mwakani uko pale pale. Mafundi rangi niliowahi kuwaita walipaka juu ya chumvi, wakachukua hela, wakaenda zao. Huyu dada aliingia, akapitisha kiganja ukutani, akakitazama, akasema, "Hapa sipaki." Vijana wake wakakwangua mpaka plasta, wakapiga brashi, wakauacha ukuta mtupu na madirisha wazi, muda mrefu kiasi cha mimi kuanza kunung'unika, maana mke wangu siku zake zilikuwa zimekaribia. Hakujali. Ukuta ulipokauka ndipo kijana mmoja akachora mbuyu kwenye kona, shina linapanda mpaka darini, matawi yanatambaa kuta mbili. Rangi ya maji, sio ya mafuta. Ya mafuta, alisema, inakaa na harufu na kichanga hapaswi kulala humo. Mvua za vuli zimenyesha na mbuyu upo, haujavimba hata tawi moja.

Juu ya kitanda alitundika samaki na ndege wadogo wa vitenge, ndani kajaza sufi, macho kayatarizi kwa uzi. Nikamuuliza kwa nini hakuweka vifungo, si vingependeza zaidi? "Kifungo kinang'oka, mtoto anakimeza," akajibu bila kuinua uso. Na chandarua! Wapambaji wengi wanamaliza chumba chao, wanapiga picha, halafu chandarua unajitafutia mwenyewe msumari wa kukining'iniza. Yeye alianza nacho. Alifunga duara la waya darini, akalizungushia vibendera vilivyokatwa kwenye khanga kuukuu za mama mkwe, na kile kile chandarua cha bluu tulichopewa kliniki kikashuka katikati, ukidhani tulikiagiza kwa ajili ya chumba hicho. Mbu wa Kigamboni hawana mchezo, kwa hiyo hapo alinikuna penyewe.

Kasoro ilikuwa mito. Kitanda alikijaza mito midogo ya kila umbo, mwezi, nyota, mawingu, wakati nesi kliniki alishatuambia kitanda cha kichanga kiwe kitupu, mito na vitu laini vinaweza kumziba pua. Tukaitoa yote. Siku hizi iko kwenye kochi, mama mkwe akiangalia taarifa ya habari anaegemea mwezi.

Basi mahafali ya chekechea yalipokaribia sikuhangaika kutafuta fundi mwingine. Mtoto wetu mkubwa mwalimu alimpangia kuwa twiga. Walikuwepo simba, pundamilia, na mmoja mpaka leo sijaelewa alikuwa ndege gani. Mke wangu alikuwa ndani ya arobaini, kwa hiyo mizunguko yote ikawa yangu. Nguo zilizoshonwa tayari nilizishika Kariakoo nikazirudisha: kitambaa chepesi cha kuteleza, mkia umebandikwa kwa gundi, zipu inang'ata ngozi.

Nilimpeleka mtoto mwenyewe akapimwe. Bega, kifua, urefu, mkono, shingo. Shingo, mnasikia. Futi kamba ilizunguka shingo, kijana akaandika kwenye daftari, ikakunjwa. Kichwani haikupanda. Mimi si fundi, mimi kazi yangu ilikuwa kushika begi.

Kitambaa nilinunua Mtaa wa Uhuru kwa maelekezo yake: drili ya pamba ya njano iliyofifia, na ya kahawia kwa ajili ya madoa. Manyoya bandia alinikataza kabisa, alisema mtoto atachemka, na joto la Dar la mwisho wa mwaka nani hajui. Bei ya kushona shilingi 45,000. Nikatoa kianzio 30,000.

Na huyo twiga, jamani, semeni mtakalo, alitengenezwa. Wengine wakishona twiga wanakata madoa ya duara wanapachika, anatoka chui mgonjwa. Huyu dada alikata kila doa kivyake, kingo zina meno na vichomozi, sawasawa na twiga wetu wa Mikumi na Ruaha, ambao madoa yao si ya duara wala ya pembe nne. Kila doa kalizungushia zigizagi, gundi hakuna hata tone. Pembe mbili zimejazwa sufi zikasimama, nchani kishungi cheusi. Mkia umesukwa kwa uzi wa sufu. Juu ilikuwa kama kanzu fupi yenye kofia iliyoshonewa moja kwa moja shingoni, suruali yake mbali. Nilipoiona imetundikwa nilicheka peke yangu.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Mahafali Jumamosi.

"Mvalishe tuone," kijana akasema. Mikono ikaingia. Kichwa kikafika shingoni, kikagoma. Mwanangu yumo gizani ndani ya drili, pembe zinatikisika juu, sauti inatokea mbali: "Baba, sioni." Nikavuta chini, kijana naye akavuta, masikio yakakunjamana, mtoto akaanza kulia. Tukamvua.

Mpaka hapo nilikuwa sijakasirika, naomba mnielewe. Nguo kubana kwa fundi ni jambo la kawaida, hakuna ambaye hajawahi kurudisha suruali. Nikasema kwa upole, "Dada, shingo imekuwa ndogo, haipiti." Alikuwa anajirekodi video ya gauni la mteja mwingine. Simu hakuizima. Akageuka, akamtazama mwanangu juu mpaka chini, akasema, "Kaka, nguo haina tatizo. Mwanao ana kichwa kikubwa."

Benchi likacheka.

Nikamwambia dada, huyu mtoto, watoto ndivyo walivyo. Akaacha kumtazama mtoto, akanitazama mimi. Wala sio usoni. Alianzia utosini, akashuka taratibu mpaka kidevuni, akapanda tena kwa upande wa sikio. "Aa," akasema, "kumbe cha ukoo."

Benchi likafa kabisa. Mama mmoja alikuwa anatafuna andazi, likampalia, wakawa wanampiga mgongoni huku wanacheka.

Sasa niwaambie kitu. Mtoto wa miaka mitano kichwa chake kimeshakaribia cha mtu mzima, shingo ndiyo ingali ya mtoto. Kila mtoto, wa kwangu na wa kwenu. Ndiyo maana fulana za wachanga zina vifungo begani. Ndiyo maana nguo ya mtoto ya kitambaa kisichovutika lazima iwe na mpasuo, au zipu, au vifungo nyuma, na shingo inapimwa kwa kichwa kitakachopita, sio kwa shingo itakayokaa. Mtu anayeshonea watoto kila siku haya anayajua hata akiwa usingizini. Alisahau tu, msimu wa mahafali kazi zimemzidi, ni binadamu. Angesema, "Kaka nimepitiwa, nipe nusu saa," mimi ningekaa kwenye lile lile benchi, ningecheka nao, na leo hapa mngekuta nyota tano.

Badala yake akaniambia kurekebisha siku hiyo hiyo ni 10,000 juu, kazi ya haraka. Kama sitaki, niiache niifuate Jumatatu. Nikamuuliza Jumatatu huyo twiga atakuwa anakwenda wapi. "Kaka usinifokee, hapa ni kazini kwangu." Wallahi nilikuwa sijafoka. Baada ya kuambiwa hivyo ndipo nikafoka.

Salio sikulipa. Nikachukua nguo na mtoto, huyoo mpaka Kivukoni. Kwenye pantoni, katikati ya watu na bodaboda zilizobanana, mtoto akanivuta shati. "Baba, kichwa changu kibaya?"

Hapo ndipo nyota zilipoanza kudondoka. Mshono ukikosewa unafumuliwa. Huyu mtoto alikuwa na utwiga wake kwa siku zote hizo, analala anautaja, anaamka anatafuna majani ya mpapai ya jirani, halafu anarudi nyumbani anajipapasa masikio. Na tena mbele ya watu! Mimi niambieni nina kichwa, nina pua, nina tumbo, nimeshazoea, kazini wananiita majina kuliko hayo.

Mama mkwe alitoka Tanga kuja kumlea mzazi. Nilimkuta barazani, nikamwamkia, nikamsimulia mkasa wote kwa hisia, nikitegemea atanionea huruma. Akaishika ile nguo, akaigeuza ndani nje, akasema, "Lete wembe."

Akafumua mshono wa nyuma kuanzia kwenye kofia kushuka mgongoni, kiasi cha shubiri. Umeme ulikuwa umekatika, nikamshikia tochi ya simu. Akapinda kingo, akaweka vitanzi vya uzi upande mmoja, vifungo vya gauni lake la zamani upande wa pili, vyote kwa mkono. Nami nikawa naendelea kumsema fundi. Mama akawa anashona anatikisa kichwa, nikadhani tuko pamoja, kumbe anatikisa kwa jingine. "Huyu anajua kushona," akasema. Nikanyamaza kidogo. "Tazama alivyoacha akiba ya kitambaa humu ndani. Mtoto akirefuka unaachia tu." Nikamwambia, mama, mimi nataka tumseme. "Mseme wewe, baba. Mimi nashona."

Jumamosi jua lilikuwa kali mpaka turubai likawa halina faida. Simba, ambaye wazazi wake walinunua manyoya bandia, alivuliwa katikati ya wimbo akabaki na singlendi na mkia. Twiga wangu alicheza mpaka mwisho, anainama anakula majani kwenye mkono wa mwalimu, anageuka, pembe zimesimama, madoa yanaonekana mpaka viti vya nyuma. Wazazi wakaanza kuniuliza: kashona nani? Ulimi ukataka kusema mama mkwe. Nikatoa namba ya fundi. Nikaitoa kwa mama wa simba, na kwa wengine waliokuja nyuma yake, na kila mmoja nikamwambia mkifika hakikisheni mtoto anapimwa kichwa, na kama mna roho nyepesi msiende wakati benchi limejaa.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa hivi. Chumba, tano, sina mjadala. Twiga, nne, maana madoa yale sijayaona popote. Mdomo, sifuri, ikiwezekana chini ya sifuri. Ukichanganya inatoka tatu, na mimi tatu sitaki itoke, ndiyo maana niliandika mbili. Hata hivyo nilikuwa nimeanza kulegea. Juzi akanitumia ujumbe WhatsApp: "Kaka habari za siku. Mtoto hajambo? Naomba salio langu 15,000." Ujumbe wa kistaarabu. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kutuma hela, nikawaza msimu umepita, amechoka, na pole yake huenda ndiyo hiyo ya kuulizia mtoto. Nikafikiria hata kufuta niliyoandika.

Nikaingia kwenye statasi yake.

Nakuta picha ya mwanangu. Yuko pale mahafali, pembe juu, kacheka meno yote. Sijui kaitoa kwa mzazi gani, mimi sikuulizwa, mama yake hakuulizwa. Chini ameandika, "Kazi zetu. Tunashona saizi zote za vichwa," na vikatuni vitatu vya kulia kwa kucheka.

Nyota moja. Picha nimemwambia aitoe, na ameitoa, ila walioiona wameshaiona, shemeji yangu mmoja tayari ameniuliza. Vyumba vya watoto muiteni, atawafanyia kazi safi, ukuta wenye chumvi mpeni yeye na si mwingine. Nguo pelekeni mkiwa na vipimo vyenu wenyewe vimeandikwa kwenye karatasi, kichwa kikiwa cha kwanza. Na dada, najua utasoma hapa: 15,000 yako ipo, sijaigusa. Tuma kijana aje aichukue, wewe mwenyewe usije.