Darasa la jioni la Kiingereza, Kariakoo
Darasa hili, lililo ghorofani karibu na Mtaa wa Msimbazi, linastahili ada yake hasa kwa namna linavyofundisha semi za Kiingereza zinazotaja miguu na mwendo. Mwalimu hatoi orodha ya kukariri. Alitueleza kwamba "get cold feet" ni kuingiwa na woga jambo linapokaribia kufanyika, kisha akamtaka kila mmoja wetu autumie usemi huo katika habari ya posa iliyovunjika au mkataba ulioachwa bila kutiwa saini. "Walk on eggshells", yaani kuishi na mtu kwa tahadhari asije akakasirika, ulizua mjadala mzuri zaidi, kwani waliopanga kwa wenye nyumba wakali waliuelewa papo hapo. Vitini, kwa bahati mbaya, vimefifia mno.