Kuosha na polishi kabla ya mvua, Mwanga Kigoma: mashine wanaijua, kukausha bado

Huduma tunayoipima hapa ni ya siku nzima, katika sehemu moja ya kuoshea magari upande wa Mwanga: kuosha, kung'oa uchafu ulioganda, polishi ya mashine, kisha silanti ya kukinga rangi. Jina tunaliacha, maana kasoro zake utazikuta karibu kila sehemu ya kuoshea hapa mjini. Kwa kifupi, peleka gari, na ulipeleke mwishoni mwa mwezi wa tisa kabla mvua hazijaanza. Ila ukishafika, simama karibu wakati wa kukausha.

Kazi inaanza vizuri. Gari halifutwi kavu. Linapigwa kwanza maji ya presha kutoka juu kwenda chini, ncha ya bomba ikiwa kama sentimita 30 kutoka kwenye bodi. Hapo vijana wanastahili sifa. Vumbi jekundu la barabara zetu lina chembe za mchanga ngumu kuliko rangi, na dereva anayepitisha kitambaa kikavu kwenye boneti asubuhi pale stendi anaipiga msasa bila kujua. Ile mikwaruzo midogo ya duara, inayoonekana kama utando wa buibui jua likiwaka, mara nyingi inatokana na kitambaa hicho, si matawi ya njiani.

Kwenye matao ya matairi wanakaa muda mrefu, na ndivyo inavyotakiwa. Ziwa letu ni la maji baridi, hatuna hewa ya chumvi kama Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo kutu ya hapa hupenda kuanzia kwenye tope lililojibana ndani ya matao na chini ya milango. Tope hilo hushika unyevu siku nyingi hata kama bodi kwa nje imekauka. Matundu ya kutolea maji chini ya milango wanayazibua kwa kijiti. Ni jambo dogo ambalo wengi hawalifanyi, na mlango huoza kwa ndani mwenye gari akiangalia rangi ya nje tu.

Ndoo ni mbili za lita 20, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu ya kuoshea kila baada ya paneli moja. Rimu zina brashi yake. Sabuni ni shampuu ya gari. Sabuni ya unga ya kufulia wameiacha, na wamefanya vema, kwa kuwa ile kazi yake ni kung'oa mafuta, na waksi ni aina ya mafuta.

Tatizo linakuja kwenye kusuuza. Maji yetu yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina ugadi: pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi, inakaribia 9. Sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa mvuke, kidogo tu hutoka kupitia Mto Lukuga, kwa hiyo madini, hasa magnesi, hubaki na kujikusanya. Kitu hichohicho hutokea kwenye boneti ya moto. Tone linakauka, maji yanaondoka, madini yanabaki. Linalobaki ni duara jeupe dogo kama punje ya mahindi, ukingo wake mzito kuliko katikati. Siku ya kwanza duara hilo linatoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: lowanisha kitambaa, kilaze kwa dakika moja juu ya bodi iliyopoa, kisha suuza kwa maji mengi. Likiokwa na jua wiki kadhaa linakula klia, lile tabaka angavu lililo juu ya rangi. Ukipitisha ukucha unasikia kishimo, na hapo siki haisaidii tena.

Sasa, pale Mwanga gari likishasuuzwa linaachwa uwanjani, juani, vijana wanakimbilia lingine. Taulo linapofika, nusu ya boneti imeshajikausha yenyewe. Tena taulo ni lilelile lililofuta vizingiti vya milango. Halafu wanapuliza silikoni juu yake, madoa yanapotea machoni, mteja anaondoka ameridhika. Mvua ya kwanza inaosha silikoni na madoa yanarudi. Hili linatuuma kwa sababu dawa yake ni nafuu: turubai la kivuli, taulo mbili kubwa za maikrofaiba, kuanza kukausha juu ya paa na boneti kabla ya ubavu, na lita 10 hadi 15 za maji ya mvua kutoka kwenye simtanki kwa mmiminiko wa mwisho. Maji ya mvua hayana madini ya kuacha alama. Simtanki wanalo, limejaa, wanalitumia kunawia mikono.

(Anayefikiri ataepuka yote haya kwa kuoshea gari ufukweni akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye maji. Na maji ni yaleyale.)

Polishi ndiyo sababu ya kwenda kwao. Kwanza wanapitisha klei, donge laini kama udongo la kung'olea uchafu ulioganda, yenye ulainishi wa maji ya sabuni, mpaka kiganja kilichovalishwa nailoni nyembamba kiteleze bila kusikia chenga. Utomvu wa miembe unang'oka hapo. Anayeegesha chini ya mwembe Ujiji anaujua: vitone vyeusi vinavyong'ang'ania kama gundi. Kisha wanabandika utepe wa karatasi kwenye kingo zote za bodi na raba, kwa kuwa ukingoni klia huwa nyembamba zaidi na mashine inaitoboa kwa sekunde chache. Wanafanya eneo la sentimita 50 kwa 50, matone matatu au manne ya polishi, mashine ikizunguka kama mara 1,000 hadi 1,200 kwa dakika, wakitumia sponji. Pedi ya manyoya, iliyo kali zaidi, wanaiweka kando mpaka ihitajike kweli. Kila paneli wanagusa kwa kiganja: kama mkono hauvumilii joto, wanasubiri.

Uangalifu huo una sababu. Klia ya kiwandani ina unene wa kama maikroni 40 hadi 50 (maikroni 1,000 ni milimita moja). Unywele wa mtu ni kama 70. Mengi ya magari yetu ni yaliyotumika Japan, mengine yameshapigwa polishi zaidi ya mara moja kabla ya kupanda meli. Kipimo cha unene wa rangi hawana. Waombe waanze na kipande kidogo cha buti, mkitazame pamoja kwenye jua, ndipo waendelee.

Mwenye Toyota nyeupe ya namba ya rangi 040 asishtuke sponji ikigeuka nyeupe. Nyingi za rangi hiyo hazina klia juu, kinachotoka ni rangi yenyewe, na ndiyo maana zikipigwa jua miaka mingi hutoa unga kama chaki. Gari la namna hiyo lipigwe polishi laini, mara chache, likingwe mara nyingi.

Silanti wanayotumia ni ya kimiminika, ya kutengenezwa kiwandani. Tunaiunga mkono. Waksi ya kanauba, inayotoka kwenye jani la mti wa Brazil wa jamii ya mchikichi, inatoa mng'ao mzuri wa kina, lakini kwa joto letu usitegemee zaidi ya wiki sita hivi. Silanti nzuri inafika miezi minne na zaidi. Wanaipaka nyembamba, na hapo kila aliyezoea kupaka kwa wingi ajifunze: tabaka nene halikauki, linashika vumbi. Paka mara moja mwezi wa tisa, na tena mwezi wa tano mvua zikiisha. Bampa la mbele liongezewe tabaka la pili, kwa ajili ya kumbikumbi wa mvua za kwanza. Mabaki yao yakiachwa siku mbili juani yanachora rangi.

Taa zilizopauka wanazipiga msasa wa maji namba 1000, 2000, kisha 3000, halafu polishi. Zinang'aa kweli. Hawazipaki kinga ya jua mwishoni, kwa hiyo zitarudi kuwa njano baada ya miezi michache. Dai kinga hiyo. Ndani ya gari kazi ni ya kawaida, ila hakikisha zulia limekauka kabla ya kufunga milango, la sivyo ukungu.

Fika saa 1 na nusu asubuhi, omba gari likae kivulini, na ulete taulo zako mbili. Silanti inahitaji saa 12 hadi 24 bila maji, kwa hiyo chagua siku isiyo na wingu upande wa Kongo.