Canva Pro: kataji kadogo na karafuu za mama wa viungo

Huu ni mwaka wa tatu nalipia Canva Pro, toleo la kulipia la programu ya Canva ya kubuni kadi na mabango, kwa ajili ya kibanda changu cha uchapaji pale Buguruni. Kadi za sendoff, mabango, stika za chupa za asali, zote zinapita humo. Kwa kasi na wingi wa picha sina neno. Picha na michoro mingi mizuri ina kataji kadogo pembeni, alama ya kwamba ni ya wanaolipia, na ukishalipia unaacha hata kukaona. Mimi nilijikwaa hapo.

Mwaka jana alinijia mama anayeuza viungo vya pilau vya pakiti, anataka logo. Nikachagua mchoro wa kishada cha karafuu, nikaupaka rangi ya kahawia, nikauzungushia duara na jina lake, nikachukua changu. Miezi kadhaa baadaye akarudi, biashara imechangamka, anataka akaisajili ile logo BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara.

"Mwanangu, hii ni ya kwangu peke yangu, si ndiyo?"

Nikamjibu ndiyo mama. Usiku usingizi ukagoma, nikafungua masharti ya leseni ambayo sikuwahi kuyasoma hata siku moja.

Kumbe ile hela ya kila mwezi hainunui picha. Inanipa ruhusa ya kuitumia ndani ya kazi ninayoibuni, na ruhusa hiyohiyo wanayo wote wanaolipia. Karafuu zile anaweza kuzichukua muuza chai wa Mombasa leo jioni, na hana kosa. Ndiyo maana mchoro wa aina hiyo hauruhusiwi kusajiliwa kama alama ya biashara. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Maumbo ya kawaida kama duara na mstari, pamoja na herufi, hayo hayana shida kwenye logo.

Fulana za kuuza zinaruhusiwa, ila picha isikae peke yake kama ilivyotoka. Lazima iwe sehemu ya kazi uliyoibuni. Kuipakua na kumuuzia mtu faili la picha tupu, hapana.

Picha za watu ndizo zinazohitaji jicho kali. Yule dada anayetabasamu usimweke kwenye bango la dawa ya fangasi kana kwamba ndiye mgonjwa, wala usimfanye aonekane anapigia debe chama. Zipo pia picha zilizoandikwa kuwa ni za matumizi ya habari tu. Hizo kwenye tangazo la biashara usiziguse, hata mteja akubembeleze vipi.

Nililipenda sharti moja: kazi uliyoipakua wakati kifurushi kiko hai inabaki halali hata ukiacha kulipa. Balaa ni pale mteja anaporudi kubadilisha namba ya simu nawe kifurushi kimekwisha. Yalinikuta mwezi wa Ramadhani. Nilipofungua bango, picha zote zenye taji zilikuwa zimekatizwa michirizi, na mteja kasimama mlangoni na bodaboda inangoja.

Wa mtaji mdogo, anzeni na picha za Pexels na Pixabay, tovuti za picha za bure ambazo Canva ilizinunua mwaka 2019. Zimo humohumo ndani, bure, ila leseni zake nazo zina masharti.

Kwa bango na kadi, Canva Pro naipa nyota nne. Kwa logo sigusi tena chochote chenye taji.

Yule mama nilimwambia ukweli, nikamlipa kijana mmoja wa mtaani anayechora kwa kalamu, hela ikatoka mfukoni kwangu. Mama akaleta karafuu halisi kwenye kipande cha gazeti, akazimwaga mezani. Akautazama mchoro, akatikisa kichwa: "Hii ina vichwa vinne. Yangu mtie vitano, nione atakayeniiga."