Miwani ya VR: Quest 2 yako uibadilishe au uiwache?

Mwenye Quest 2, ile miwani ya kampuni ya Meta inayokutia ndani ya gemu (ndiyo VR yenyewe), Unguja hii yumo mtihanini. Kila ndege ya Dubai au Muscat ikitua, kuna mtu kashuka na boksi jipya, na kila mmoja anaapa kuwa lake ndilo lenyewe. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, pamoja na yule mwenye PS5, mashine ya gemu ya Sony, anayeitupia jicho la tamaa PSVR2, miwani ya VR ya mashine hiyo. Nimezipanga kwa kumfikiria anayecheza nyumbani hapa visiwani, penye joto, hewa ya chumvi na umeme usio na ahadi. Bei ninazozitaja ni za dola kama zilivyotangazwa na kampuni zenyewe. Ushuru na faida ya muuzaji vinakuja juu yake.

Swali la kwanza si "ipi mpya?", ni "unacheza nini?" Kama jioni zako zote ni Beat Saber, ile ya kukata maboksi kwa muziki, na mapambano ya ngumi, hakuna miwani itakayokupa gemu tofauti na hiyo uliyonayo. Lakini kama umeitaka Batman: Arkham Shadow ya mwaka 2024, hapo hapana ujanja: inafunguka kwenye Quest 3 na 3S tu, na Quest 2 haimo.

La kwanza: Quest 3

Kwa anayetoka kwenye Quest 2, hii ndiyo hatua ya kweli, na sababu kubwa ni lenzi. Quest 2 ina lenzi za Fresnel, zile zenye mistari ya duara. Katikati unaona safi, ukingoni maandishi yanavurugika, na kitu cheupe kwenye giza kinavuja mwanga pembeni. Ndiyo maana mtu wa Quest 2 huzungusha shingo nzima ili asome kitu kilicho pembeni. Quest 3, iliyotoka Oktoba 2023, ina lenzi bapa ambazo picha yake inabaki safi mpaka karibu na ukingo, kwa hiyo jicho linatembea na shingo inatulia. Kwenye gemu ya mbio za magari au ya kulenga shabaha, tofauti hiyo unaiona dakika ya kwanza. Idadi ya nukta nayo imepanda, kutoka 1832 kwa 1920 kila jicho hadi 2064 kwa 2208, ila nukta peke yake zisingenitoa mfukoni.

Kinu cha ndani, yaani prosesa, ni Snapdragon XR2 Gen 2 na kumbukumbu ya kazi ni GB 8 badala ya 6, ndiyo maana gemu mpya zinaonekana tajiri zaidi.

Kuna jengine ambalo wauzaji hawalisemi: kamera za rangi. Quest 2 inakuonesha chumba chako kama televisheni ya zamani, nyeupe na nyeusi, yenye chenga. Kwenye Quest 3 unamuona mtoto aliyeingia, unaiona kona ya kitanda, unaliona na pangaboi. Vyumba vyetu vingi dari liko chini na pangaboi linazunguka mchana kutwa. Ukirusha mkono juu kukata boksi la Beat Saber, ukalikuta panga, hasara ni ya mkono na ya pedi. Lizime, au uchezee ukumbini kwenye feni ya kusimama.

Nyumba yenye watu wengi itafurahia pia gurudumu la kusogeza lenzi. Quest 2 ina hatua tatu tu (milimita 58, 63 na 68), na asiyeangukia moja ya hizo huumwa kichwa akadhani VR haimpendi. Quest 3 inasogea kidogo kidogo. Ilipotoka, bei yake ilikuwa dola 499. Si pesa ndogo, lakini ukiamua kubadilisha, badilisha mara moja.

La pili: baki na Quest 2, uitunze

Najua hukuja kusoma hili. Lakini kwa anayecheza siku mbilitatu kwa wiki, gemu zake zikafunguka, pesa yenye tija zaidi ni ya vitu vidogo. Anza na kifuniko cha silikoni cha usoni. Sponji ya asili inakunywa jasho, na mwaka 2021 kampuni yenyewe ililazimika kutoa vifuniko vya silikoni bure baada ya watu kulalamika kuwashwa ngozi. Cha pili ni mkanda mgumu wa kichwa. Ule wa kitambaa unalivuta shavu chini, na kwa mwenye mtandio unateleza kila akiinama. Mgumu wenye gurudumu la nyuma unakaa juu ya mtandio bila tabu.

Quest 2 ya GB 64 hupata tabu ya nafasi. Haina pa kuchomeka kadi ya kumbukumbu, na gemu kubwa kama Asgard's Wrath 2 inadai takriban GB 30. Utakuwa unafuta na kushusha upya, na bando unalijua linavyokwenda. Kero hiyo ikishakuchosha, rudi juu ukasome la kwanza.

La tatu: Quest 3S

Hii ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299, na ndiyo inayowachanganya wengi. Kinu chake ni kile kile cha Quest 3, kamera za rangi zimo, Batman anafunguka. Lakini lenzi ni za Fresnel na skrini ni ya nukta zile zile za Quest 2. Aliyekuwa na Quest 2 akaivaa 3S anapata gemu mpya ndani ya dirisha la zamani. Tundu la hedifoni nalo limeondolewa.

Kwa anayeanza kabisa, ningeiweka ya kwanza bila kusita. Ningeiweka ya kwanza pia kwa anayetaka kuwachezesha watoto kwa pesa viwanja vya sikukuu, Mnazi Mmoja au Kariakoo yetu. Pale kifaa kinapita vichwa vingi kwa usiku mmoja, na kikianguka bora kianguke cha bei ya chini. Kumbuka tu kuwa Meta inaruhusu akaunti za watoto kuanzia miaka 10.

La nne: PSVR2

Kwa uzuri wa picha ingekuwa juu zaidi. Skrini zake ni za OLED, kwa hiyo giza ni giza kweli, na gemu ya mbio za magari Gran Turismo 7 ndani yake haina mfano. Bei ilishushwa Machi 2025 kutoka dola 549 hadi 399. Tatizo ni kuwa inakula kupitia waya wa PS5: umeme ukikatika katikati ya mbio, mbio zimekwisha. Quest ina betri yake, saa mbili na kidogo, ila taa iwake, maana kamera zake zinahitaji mwanga ili ziufuate mwendo wako vizuri. Mwenye PSVR ya kwanza, ya mwaka 2016, ajue kuwa diski zake za zamani hazifunguki kwenye hii. Kama huna PS5, ipite.

Za mwisho, usizinunue

Quest ya kwanza ya 2019 na yale maboksi ya kutia simu. Bado zinazunguka madukani Darajani na kwenye makundi ya WhatsApp, na bei zake zinashawishi. Boksi la simu halijui mkono wako uko wapi, na hiyo Quest ya kwanza gemu mpya haziijii tena.

Ukienda kununua

Ya mkononi, ivae kabla hujatoa pesa. Fungua ukurasa mweupe utafute doa au mstari: jua likipenya kwenye lenzi hata kwa muda mfupi linaiunguza skrini, na doa hilo halitoki. Tizama ukungu ndani ya lenzi, hasa kwa iliyokaa kabatini masika nzima. Muuzaji afute akaunti yake na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani mbele ya macho yako.

Mpya, kumuagizia ndugu aliye Dubai, Muscat au Uingereza kuna faida moja ndogo: plagi ya chaja ni ya pini tatu kama zetu. Ya Marekani itataka adapta ya plagi tu, kwani chaja inakubali volti zetu. Tanzania haimo katika nchi ambazo Meta na PlayStation wamefungua maduka yao rasmi, kwa hiyo akaunti nyingi za hapa zimesajiliwa nchi nyengine. Muulize ndugu yako kama kadi za malipo za nchi hiyo ataweza kukutumia kila ukitaka gemu, na risiti aiweke yeye, maana dhamana utaidai kule kule ilikonunuliwa.