Uzoefu wangu na kozi ya maswali ya utoshelevu wa taarifa: namba chanya na namba hasi

Kwa muda wa wiki sita nimetumia kozi ya kulipia ya mtandaoni inayowaandaa watahiniwa wa GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shahada za uzamili za biashara, na muda mwingi niliutumia katika sura ya namba kamili chanya na hasi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikinipotezea alama. Tangu mtihani huo ulipobadilishwa mwaka 2023, maswali ya utoshelevu wa taarifa, yaani yale yanayokupa swali na kauli mbili na kukutaka useme kama kauli hizo zinatosha kulijibu, yamo katika sehemu yenye maswali 20 kwa dakika 45. Sehemu hiyo inaruhusu kikokotoo cha kwenye skrini, lakini kikokotoo hakimsaidii mtu aliyesahau kwamba sifuri si chanya wala si hasi.

Ninaisifu kozi hii kwa jambo moja la mpangilio. Swali linapofunguka huonekana pamoja na kauli ya kwanza tu. Ya pili hubaki imefichwa mpaka uamue kama ya kwanza inatosha, na unapoisoma ya pili, ya kwanza nayo hufunikwa. Kosa langu sugu lilikuwa kuchukua taarifa ya kauli moja na kuiingiza katika nyingine bila kujitambua, na hakuna somo la video lililoniponya kama pazia lile. Video zenyewe, kusema kweli, zina maneno mengi mno.

Swali ambalo sijalisahau ni hili: je, namba kamili n ni chanya? Kauli ya kwanza yasema n³ > n, na ya pili n² > n. Ya pili haitoshi, maana 2 inaikubali na −2 pia inaikubali. Ya kwanza niliidharau nikidhani ni mtego uleule, hadi nilipoijaribu −2 nikapata −8, ambayo ni ndogo kuliko −2. Namba nyingine hasi zilizo chini yake huangukia hapohapo, na −1, 0 na 1 hazibadiliki zikipandishwa kwenye kipeo cha tatu. Zinabaki 2 na zinazoizidi, kwa hiyo kauli ya kwanza peke yake inatosha na jibu ni A. Hatua iliyofuata ndiyo iliyonifurahisha: kozi ililirudisha swali lilelile bila neno "kamili", na mara −½ ikakubalika katika kauli zote mbili sawa na 2, jibu likahama kutoka A hadi E, yaani hata kauli zote mbili kwa pamoja hazitoshi.

Ufunguo wa majibu, kwa upande wake, ulinikera. Swali moja liliuliza kama zao la namba kamili x na y ni hasi, kauli ya kwanza ikiwa x = −y na ya pili x² > x. Ufunguo ulisema jibu ni A, kana kwamba x na y haziwezi zote mbili kuwa sifuri, ilhali hapo zao ni sifuri nalo si hasi. Kauli ya pili ndiyo inayoiondoa sifuri, ingawa peke yake haisemi lolote kuhusu y, hivyo jibu sahihi ni C, yaani kauli mbili zinatosha zikiwa pamoja tu. Niliwaandikia wahusika; baada ya siku tisa swali lilirekebishwa kimyakimya, bila hata neno la asante. Kosa hilo lingekuwa dogo katika sura nyingine, lakini hii ni sura ambayo kila ukurasa wake humwonya msomaji asiisahau sifuri.

Maelezo kuhusu "hapana" ya uhakika, yaani kwamba kauli inayothibitisha n si chanya nayo inatosha, yamepewa aya moja fupi, na anayeanza ataipita bila kuiona.

Nimelipia mwezi wa pili kwa ajili ya lile pazia na kipima muda. Ufunguo sasa naufungua baada ya kuzijaribu mwenyewe −2, −1, 0, 1 na 2 kwenye karatasi, na nikitofautiana nao narudia hesabu kabla ya kuuamini.