Ziara ya siku moja Shimba Hills: mwongozaji hodari, dereva wa kuonywa

Mwezi uliopita nilijiunga na watu wengine watano katika ziara inayoandaliwa na kampuni moja ndogo ya hapa Mombasa. Tulivuka Likoni kwa feri ya alfajiri, na kabla ya saa mbili asubuhi tulikuwa Kwale, kwenye lango la hifadhi.

Wageni wengi hupelekwa Shimba Hills kutazama msitu na maporomoko ya Sheldrick. Mwongozaji wetu, mzee wa Kidigo aliyekulia kando ya hifadhi, alitusimamisha kwanza penye nyasi zilizoungua, akainama na kutenganisha mabua meusi kwa vidole, tukaona chipukizi la kijani lisilozidi urefu wa ukucha. Alitueleza kwamba askari wa wanyamapori huchoma baadhi ya sehemu kwa mpango, kwa sababu nyasi zikikaa miaka bila moto huvamiwa na vichaka, na palahala, swala mkubwa ambaye katika Kenya nzima amebaki porini hapa tu, hukosa malisho laini. Hazikupita dakika ishirini tukawaona wenyewe: dume mweusi tititi, pembe zimepinda kuelekea mgongoni, na majike ya rangi ya hudhurungi.

Ndipo dereva akaacha njia na kukata katikati ya nyasi ili atusogeze karibu. Wanyama walitimkia msituni, na nyuma yetu ikabaki michirizi miwili ya magurudumu juu ya machipukizi yale yale. Mzee alimwambia kwa upole, "Mwanangu, hapa ndipo wanapokula." Niliumia sana, na tuliporudi niliifikishia kampuni malalamiko, waliomba radhi, ila sikusikia ahadi yoyote ya kuwafunza madereva wao.

Gari lilikuwa safi na wali wa nazi ulipikwa vizuri. Ulizeni mapema kuhusu ada ya kiingilio, kwani haimo katika bei.

Alasiri tulifika Mwaluganje, ambako tangu 1995 wenyeji waliotoa mashamba yao yawe makao ya ndovu hugawana mapato ya utalii. Nilinunua daftari la karatasi iliyotengenezwa kwa kinyesi cha ndovu. Nyuzi za nyasi bado zinaonekana katika kurasa zake.

Nitawapeleka wanangu likizo ya Desemba, mradi mzee yule ndiye atakayetuongoza na gari lisitoke njiani.