Kusini mwa Uingereza kwa treni: kwa nini tulilala Salisbury

Kama una siku chache za kutembea kusini mwa Uingereza na hutaki kukodi gari, ushauri wangu ni mmoja: usilale London. Nenda Salisbury, tua mabegi yako, zunguka kwa treni na basi, na kila jioni urudi kwenye kitanda kilekile. Nilisafiri na shangazi yangu, mwenyeji wa Unguja ambaye magoti yanamsumbua, na mpango huu ulitufaa kuliko nilivyotarajia.

Siri yake ni reli. Iko njia inayotoka Cardiff ikapita Bristol, Bath, Salisbury na Southampton, ikaishia Portsmouth Harbour. Ukiwa Salisbury, Bath iko mwendo wa saa moja hivi upande mmoja, na Portsmouth saa moja na robo hivi upande wa pili, bila kubadilisha treni. Kwa mtu wa magoti hilo ni jambo kubwa. Kubadilisha treni maana yake ngazi, lifti ya kutafuta, na dakika chache za kukimbilia jukwaa jingine. Kabla ya hapo kampuni moja ya ziara ilitaka kutubeba kutoka London hadi Windsor, Stonehenge na Bath, vyote kwa siku moja. Nilipohesabu saa za barabarani nikaona tungelipia kukaa ndani ya basi.

Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow hamna haja ya kuingia London. Lipo basi la RailAir linalokwenda stesheni ya Woking, na pale mnapanda treni ya Salisbury, mwendo wa kama saa moja. Msiipite Woking hivihivi. Msikiti wa Shah Jahan uko pale, si mbali na stesheni. Ulijengwa mwaka 1889, na ndio msikiti wa kwanza Uingereza kujengwa kwa kusudi hilo tangu msingi. Ni mdogo, una kuba la kijani, na umezungukwa na miti. Shangazi aliswali adhuhuri pale akatoka uso umekunjuka, uchovu wa ndege umemtoka.

Kuhusu nauli, watu wawili wanaosafiri pamoja wanunue kadi ya punguzo iitwayo Two Together. Tangu Machi 2025 inauzwa paundi 35 na inakata theluthi moja ya nauli mwaka mzima, ila Jumatatu hadi Ijumaa haitumiki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Hesabu ni rahisi: nauli zenu wawili zikizidi paundi 105, kadi imeshajilipa. Mkiwa watatu hadi tisa, ulizeni GroupSave, punguzo la theluthi hiyohiyo lisilohitaji kadi. Kwenye mabasi ya kawaida, nauli ya safari moja ina kikomo cha paundi 3 tangu Januari 2025, kwa hiyo msiogope kupanda basi la mjini hata kwa vituo viwili. Jumapili chunguzeni ratiba usiku uliotangulia. Siku hiyo mara nyingi mafundi huwa relini, na abiria hupandishwa mabasi badala ya treni.

Salisbury yenyewe si mahali pa kulala tu. Mnara wa kanisa lake kuu una mita 123, mrefu kuliko minara yote ya makanisa Uingereza, na unaonekana ukiwa bado ndani ya treni. Ndani imehifadhiwa mojawapo ya nakala nne zilizobaki za Magna Carta ya mwaka 1215, hati iliyomlazimisha mfalme naye afuate sheria. Maandishi ni madogo mno, utashangaa. Soko hufanyika uwanjani Jumanne na Jumamosi.

Stonehenge, yale mawe makubwa yaliyosimamishwa kwa duara enzi za kale, haina stesheni. Basi maalumu linawachukua mbele ya stesheni ya Salisbury na kuwafikisha kwa kama nusu saa. Hili haliingii kwenye kikomo cha paundi 3. Tiketi ya kuingia kwenye mawe ina saa yake, nayo ni nafuu ukiinunua mapema mtandaoni. Mkifika kituo cha wageni, mawe bado yako mbali, lakini kuna basi dogo la kuwafikisha, na magoti ya shangazi yalishukuru. Kamba inawazuia kuyasogelea. Wengi hulalamikia hilo. Mimi naona ndiyo iliyotupa nafasi ya kuyatazama bila vichwa vya watu mbele yetu.

Someni kidogo kuhusu mawe haya kabla hamjaenda, maana bila habari zake ni mawe tu. Makubwa yalitoka msitu wa West Woods, kilomita 25 hivi. Madogo yalitoka milima ya Preseli, Wales, zaidi ya kilomita 200. Mwaka 2024 watafiti wakaeleza kwamba jiwe la katikati, la tani 6, asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Scotland, zaidi ya kilomita 700. Enzi hizo hapakuwa na gurudumu pande zile. Nilipomweleza shangazi alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hawa walikuwa na jambo lao kubwa." Tulizunguka mara ya pili.

Bath inatosha siku moja. Maji ya moto ya Warumi yanatoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi, lakini pale unatazama tu; wanaotaka kuoga wana jengo jingine jirani.

Portsmouth ndiyo siku niliyoipenda zaidi. Treni inaishia juu ya maji, na bandari ya kihistoria iko hatua chache tu. Mary Rose, meli ya vita ya Mfalme Henry VIII iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ipeni saa mbili. HMS Victory, meli nyingine ya vita ya zamani, inakarabatiwa, imefunikwa kwa jukwaa la mafundi na milingoti imeshushwa, ila ndani panaingilika. Kisha tukapanda basi hadi Southsea, mtaa wa Portsmouth ulio pwani, kutembea ufukweni. Shangazi alipataka sana, kwa kuwa ndiko alikoishi Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, baada ya mapinduzi ya 1964, zaidi ya nusu karne, hadi aliporuhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020. Kila familia ya Kizanzibari ina upande wake katika habari hiyo, na sitausemea hapa. Tulikaa kwenye benchi, upepo mkali, akanisimulia mambo ya utoto wake ambayo sikuwahi kuyasikia.

Anayetaka vijiji vya Cotswolds au fukwe za Dorset, huyo akodi gari. Mabasi huko ni machache. Nanyi mnaotafuta chakula cha halali, Salisbury uchaguzi ni mdogo. Mkirudi kutoka Portsmouth shukeni Southampton, kuna mikahawa mingi, mle mshibe, kisha mpande treni inayofuata. Salisbury ni nusu saa tu kutoka hapo.